Kiti Kwenye Mashua ya Asubuhi

Kabla ya kuketi nyuma ya dirisha lile nilikuwa nimeacha kazi tisa, na nyingine mbili ziliniacha mimi. Shule niliiacha darasa la tano. Mwalimu alikuwa akieleza habari za mto unaotoka mlimani, nami nikataka kwenda kuona mahali unapotokea. Nilikwenda. Niliporudi baada ya siku nne, kiti changu kilikuwa na mtu mwingine. Baada ya hapo nilikausha pareto Endarasha, nikasugua sufuria za askari Nanyuki, nikapakia viazi kwenye lori hadi Kenol na kurudi, nikauza kamba za ng'ombe Karatina. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoelewa kazi inavyokwenda, kisha nikaondoka. Nilidhani watu wote huishi hivyo.

Ninyi mnaokaa sasa nyuma ya dirisha hilo mmeniomba niwaachie maandishi kabla sijasahau. Nilirudisha ufunguo mwezi uliopita na tayari nimeanza kusahau namba za simu, jambo ambalo si hasara. Vyeo na mishahara siandiki. Cheo changu kilibadilika mara mbili na kiti hakikubadilika hata mara moja. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na hasa juu ya kiti kimoja nilichomchagulia mtu kwenye mashua ya kwenda kuona nyangumi. Mnachagua viti kama hicho kila mwaka, na sijawahi kusikia mmoja wenu akiuliza jua litakuwa upande gani.

Ofisi wakati huo ilikuwa chumba kimoja mjini Nyeri, kati ya duka la vitambaa na fundi wa saa. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Wazungu waliouza mashamba walikuwa wakiondoka, wamisheni walikuwa wakienda likizo, na wote walihitaji mtu wa kuwaandikia tiketi za meli. Mimi niliingia kupaka rangi ukuta. Siku ya tatu Bi Zuhura, karani mkuu, alisimama nyuma yangu.

"Wewe Wachira, ukuta mmoja siku tatu?"

"Nilikuwa nasoma, Bi Zuhura."

Nilikuwa nimefungua vile vijitabu vya rangi vya kampuni za meli na kuvitandika sakafuni, ati visidondokewe na rangi.

"Unajua kusoma?"

"Darasa la tano."

"Basi nisomee majina ya bandari hizo, nisikie."

Nikasoma. Alicheka mpaka akakaa. "Kiswahili chako kina baridi, mwanangu. Kinahitaji blanketi. Lakini kesho usije na brashi."

Huo ndio usaili niliofanyiwa. Bi Zuhura alizaliwa Majengo, hapo hapo Nyeri. Baba yake alikuja kutoka pwani akiwa mpishi wa safari, mama yake alikuwa Mkikuyu wa Mathira. Utotoni alipelekwa kwa shangazi yake Mombasa akakaa huko miaka sita. Kwa hiyo kati yetu sisi watu wa ofisi ile, tuliouza maji kila siku, ni yeye peke yake aliyewahi kuyaona. Mimi bahari niliijua kwa rangi ya buluu ya ramani ukutani, tena rangi hiyo ilikuwa imepauka upande wa dirishani.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: simu ya kuzungusha mkono, karatasi za kaboni, muhuri wa mpira, na rula ndefu ya mbao. Ile rula Bi Zuhura aliipenda kuliko muhuri. Muhuri, alisema, unasema jambo limekwisha. Rula inauliza kama limeanza vizuri.

Kazi iliyonivutia kuliko zote ilikuwa ile ya vituo. Meli za matembezi zilitoka Mombasa, zikazunguka visiwa na kurudi. Katika kila kisiwa zilitia nanga siku moja tu, na abiria alitakiwa achague mapema matembezi yake ya siku hiyo: soko, mashamba ya karafuu, ufuo. Fomu ilitakiwa ifike Mombasa wiki mbili kabla. Kisiwa kimoja cha kusini, ambacho sitakitaja kwa kuwa sijakiona na sitaki kukisingizia, kilikuwa na mashua za kupeleka watu kuona nyangumi. Wanakuja huko kuzaa kuanzia Julai hadi Septemba, wakikimbia maji ya baridi. Habari hiyo niliisoma mara nyingi. Mnyama mkubwa kuliko ndovu watano, anakimbia baridi kama mtu wa Kieni huku mlimani anayetafuta kazi Mombasa.

Mke wa mwenye ranchi mmoja wa Nanyuki alirudi kutoka huko amekasirika. Alipiga meza yetu kwa mfuko wake.

"Mliniuzia nyangumi. Nimeona mgongo tu!"

"Na mgongo ni wake, mama," Bi Zuhura akamjibu. "Sisi tulikuuzia kiti. Mnyama hatumfugi."

Alipoondoka, Bi Zuhura alinigeukia. Akaniambia nisimwambie mteja ataona. Nimwambie atapelekwa mahali wanapoonekana. Kisha akanifundisha namna ya kuchagua mashua. Usianze na bei wala picha, alisema. Uliza mashua inarudi gatini saa ngapi na meli inaondoka saa ngapi, maana meli haimngoji mtu hata awe askofu. Uliza kama ina paa, ina choo, inabeba watu wangapi, na je, wakisogea wote upande mmoja? Uliza injini huzimwa au huachwa ikinguruma. Na uliza habari za yule anayekwenda: magoti, tumbo, moyo, masikio, macho. "Mashua haichaguliwi kwa kuitazama mashua," alisema. "Unamtazama mtu."

Nilijua hayo yote kwa moyo. Nilikuwa nimeyajua kwa miaka sita au saba siku walipoingia Mzee Ndirangu na mkewe.

Ilikuwa mwishoni mwa Juni, baridi ile yenye ukungu usioondoka hata mchana. Bi Zuhura alikuwa ameshuka Mombasa kumzika shangazi yake. Mzee Ndirangu alikuwa mkulima wa viazi na kabichi wa Endarasha, mrefu, mwenye koti la mvua lililofika chini ya magoti. Mkewe, Mama Nyambura, alikuwa mfupi na mnene, amejifunga kitambaa cha kichwa mpaka kwenye nyusi. Alishika mkono wa koti la mumewe, na nilidhani ni kwa ajili ya baridi. Nyambura mwenyewe, mtoto wao wa kwanza, alikuwa muuguzi ng'ambo. Ndiye aliyewalipia safari ya meli na kuwatumia barua, wakaniwekea mezani niisome. Ilisema kwamba daktari wa macho amesema mama ana presha ya macho, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki huenda kisimalize mwaka. Aende akaone dunia upesi.

"Na mimi sitaki dunia yote," Mama Nyambura alisema. "Hiyo ni kubwa sana. Nataka hiyo nyangumi."

"Alisikia kwa redio," mumewe akaeleza, kama mtu anayeomba msamaha. "Tangu hiyo siku hatulali. Ati ni kama nyumba inaogelea."

"Si nyumba. Kanisa. Walisema kama kanisa."

"Kanisa yenyewe ya Endarasha ama ya Nyeri mjini?"

"Wewe Baba Nyambura, nyamaza tuongee na karani."

Nilimuuliza macho yakoje sasa. Alisema anaona kama mtu anayechungulia kwa bomba la jiko. Akikaza anaona vizuri kabisa. Anaweza kuniambia kifungo changu cha tatu kimeshonwa kwa uzi mwingine. Na ilikuwa kweli. Kisha akaongeza, huku akivuta kitambaa chini, kwamba jua likimpiga usoni anaona weupe mtupu, maziwa matupu, kwa hiyo siku hizi anapenda hali hii ya ukungu. Mumewe alicheka akasema yeye peke yake katika Kieni nzima ndiye anayeshukuru kwa Julai.

Nilisikia. Ninaandika hapa kwamba nilisikia. Lakini kwenye fomu palikuwa na nafasi ya magonjwa, nami nikaandika "macho" tu, kwa sababu nafasi ilikuwa fupi.

Mashua zilikuwa mbili. Ya asubuhi ilikuwa kubwa, yenye ghorofa ya juu na mabenchi, ikiondoka gatini jua linapochomoza na kurudi kabla ya saa tano. Ya alasiri ilikuwa ndogo, ya watu kumi na wawili, bila paa, na ilirudi saa moja tu kabla ya meli kuondoka. Niliwasomea zote mbili. Niliona Mzee Ndirangu akihesabu ile saa moja kwa vidole, akifikiri juu ya meli kuondoka na kuwaacha kisiwani bila mtu anayejua hata Kiswahili.

"Wewe ungechukua gani?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipoacha kumtazama mtu. Nilitazama nje. Nje palikuwa na ukungu, na nyuma ya ukungu palikuwa na mlima, nami nikajibu kama ambavyo ningemjibu mgeni yeyote wa Nyeri. Hapa kwetu hata mtoto anajua kwamba Kirinyaga huonekana alfajiri. Ukilala mpaka saa nne mawingu yamekwisha kuufunika, na utakaa siku nzima ukionyeshwa mahali mlima ulipo. Tumeishi chini ya kitu kimoja kikubwa tangu kuzaliwa, na tunadhani vitu vyote vikubwa vina tabia yake.

"Asubuhi, Mzee," nikasema. "Alasiri hujui mawingu."

"Umeona!" Mzee Ndirangu akamwambia mkewe. "Kitu kikubwa huonwa asubuhi."

"Hiyo ni kweli," alisema Mama Nyambura. "Mchana hata mlima hujificha."

Tulikubaliana sote watatu, tukicheka, watu watatu wa mlimani tukipanga mambo ya bahari. Nikapiga muhuri. Rula ilikuwa ukutani, imening'inia kwenye msumari wake.

Bi Zuhura aliporudi wiki iliyofuata alipitia fomu zilizokwenda, kama kawaida yake. Kwa hii alisimama. Akafungua kijitabu kwenye ukurasa wa ramani ya kisiwa, akachukua rula, akailaza kutoka gatini hadi mahali palipochorwa nyangumi. Ilielekea mashariki moja kwa moja.

"Macho yake yana nini?" akauliza.

Nikamwambia. Nikamwambia na yale ya maziwa.

Hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Alizungusha simu mara tatu siku hiyo kutafuta Mombasa, na mara ya tatu akawapata. Mashua ndogo ilikuwa imejaa. Akatundika rula. "Asubuhi wanakwenda jua likiwa usoni," alisema. "Alasiri lingekuwa mgongoni. Labda patakuwa na mawingu." Kwa wiki tatu nikaomba mawingu juu ya kisiwa nisichokijua, mimi ambaye sikuwa mtu wa maombi.

Mama Nyambura alikuja peke yake, katikati ya Agosti. Jirani yake alimwacha mlangoni akaenda sokoni. Nilimwekea kiti, naye akakitafuta kwa mkono kabla ya kukaa. Sikuwa nimemwona akifanya hivyo mara ya kwanza. Bi Zuhura aliinuka akasema anakwenda posta, ingawa barua za siku ile zilikuwa zimekwisha kwenda.

"Karani, funga mlango kidogo."

Nikafunga.

"Hakukuwa na wingu hata moja," alisema.

Alinisimulia polepole, bila kulalamika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mashua iliwaweka juu, kwenye benchi la mbele, kwa heshima ya wazee. Maji yote yalikuwa kama mabati mapya, alisema, paa jipya la shule ukilitazama saa sita. Maziwa matupu. Kisha injini ikazimwa na watu wakanyamaza, na akasikia kitu kikitoa pumzi. Alinionyesha: kama lori la viazi linapofungua breki za upepo mteremkoni, lakini karibu, na harufu ya samaki ikaja nyuma yake. Wazungu wakapiga kelele. Mumewe alikuwa amesimama, anamvuta bega, analia, mzee yule ambaye hakulia hata siku ya kuzika mama yake. "Ile pale! Mama Nyambura, ile pale! Umeona?"

"Na ukasema nini, Mama?"

"Nikasema nimeona. Ungesema nini wewe? Mtu amefurahi hivyo."

Nikataka kumwambia habari za rula na mashua ya alasiri. Nilifungua mdomo. Yeye hakunipa nafasi, maana hakuwa amekuja kwa ajili ya samahani yangu.

"Sasa niko na shida," alisema. "Kila jioni anataka tuongee hiyo maneno. Tukishakula, anaanza. Unakumbuka ilivyogeuka? Unakumbuka ile mkia? Na mimi nasema eeh, eeh, kama mbuzi. Juzi ameniuliza, mbona wewe husemi kitu? Wewe karani umesoma hiyo vitabu. Nifundishe vile inakaa."

Basi nilivuta vijitabu vyote, nikasogeza kiti. Tulianza na kichwa. Nilimwambia ngozi yake ni nyeusi na inang'aa kama mpira wa gari uliolowa. Nilimwambia juu ya mabawa marefu ya ubavuni, tumbo lenye mistari kama shamba lililolimwa kwa plau, vigaga vilivyomganda kidevuni. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Alinirudishia kila neno, akanirekebisha pale niliposema jambo moja mara mbili kwa namna tofauti.

"Iko na masikio?"

Nilitafuta. "Hawajaandika, Mama."

"Basi hiyo sitasema. Mkia je?"

Picha tuliyokuwa nayo ilimwonyesha mnyama mzima kwa ubavu, na mkia ulikuwa umeingia kwenye mkunjo wa karatasi. Lakini mkia wa samaki ulikuwa ni jambo ninalolijua. Nilikuwa nimefanya kazi miezi minne kwenye mabwawa ya trauti huko juu, nikiwalisha na kuwachota kwa wavu. Nilimshika mkono, nikaugeuza ukasimama kwa upande wa kidole kidogo, nikautikisa kulia na kushoto.

"Hivi, Mama. Umesimama wima, unapiga huku na huku."

Aliutikisa mwenyewe mara tatu, nne. Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Sasa niko na kitu ya kusema," alisema.

Mwalimu wangu wa darasa la tano angeniuliza ninajuaje. Bi Zuhura angeniuliza vilevile, ndiyo maana sikumwambia aliporudi.

Mzee Ndirangu alikuja Oktoba, siku ya mvua. Hakukaa. Koti lake lilidondosha maji sakafuni, naye akaangalia maji hayo kwa muda.

"Karani, wewe umewahi kuona nyangumi?"

"Bado, Mzee."

"Nilijua." Akavua kofia. "Ni wewe ulimfundisha?"

Nilisogeza muhuri kando ya meza.

"Usiogope, sikuja kwa ugomvi. Jumapili wanawake wa kanisa walikuja kwetu, na yeye akawasimulia. Karani, alisimulia vizuri! Hiyo tumbo na mistari yake, mimi hata sikuwa nimeona vizuri hiyo mistari. Wanawake wote wamefungua mdomo. Mimi niko hapo kwa mlango, nafurahi. Halafu akafika kwa mkia." Aliinua mkono wake mkubwa wa mkulima, akausimamisha kwa ubavu, akautikisa. "Hivi."

"Na si hivyo?"

"Mkia wake hulala." Akaugeuza mkono, kiganja kikatazama chini. "Hulala kama mbao mbili. Unapanda, unashuka, hauendi kando. Ukipanda juu maji yanamwagika huku na huku kama mvua kwa paa. Hiyo si kitu mtu atakosea akiwa ameona. Hata mlevi hawezi kukosea."

Mvua ilipiga dirisha. Fundi wa saa upande wa pili alikuwa akijaribu kengele ya saa fulani, akiisimamisha, akiijaribu tena.

"Ukawaambia nini wale wanawake, Mzee?"

"Wakaniuliza, Baba Nyambura, ni kweli? Nikasema ndiyo, hivyo hivyo. Ati niseme nini? Mbele ya watu?" Akafuta uso kwa kofia. "Sasa kila mtu akija nyumbani tunasema wote wawili ulisimama. Nimezoea. Lakini niambie kitu moja, na usinidanganye. Ile mashua ya alasiri. Angeona?"

Nilikuwa na majibu mengi ya ofisi. Ningeweza kusema hatumfugi mnyama. Ningeweza kusema alasiri huenda nyangumi wasingekuja kabisa, na hilo lingekuwa kweli.

"Jua lingekuwa mgongoni, Mzee," nikasema. "Aliniambia habari za jua, na sikuzisikiliza."

Alitikisa kichwa mara nyingi, polepole. Nilidhani atasema ni kazi ya Mungu, kama watu wanavyosema, lakini hakusema.

"Mimi pia nilikuwa hapo akikuambia," alisema. "Na nilicheka." Akavaa kofia. "Asijue kwamba najua. Na hiyo ya jua pia usimwambie, asije akahesabu alichokosa."

Nilimtazama akivuka barabara. Kazi zote nilizoziacha, niliziacha nilipozielewa. Wiki ile nilifunga nguo zangu mara mbili, na mara mbili nikazifungua, kwa kuwa hii nilikuwa nimeanza kuona kwamba siielewi. Nilikaa nayo miaka ishirini zaidi. Bi Zuhura alipostaafu aliniachia ile rula, na mmekuwa mkiniona nikiilaza kwenye ramani kwa kila mteja, hata kwa mtu anayekwenda Kisumu kwa basi. Mmekuwa mkicheka nyuma yangu. Najua. Endeleeni kucheka, lakini ilazeni. Na pale kwenye fomu penye nafasi fupi, andikeni nyuma ya karatasi.

Mara mbili nilipewa nafasi ya bure ya kwenda kukiona kisiwa kile. Mimi niliyefuata mto mpaka mwanzo wake nikiwa mtoto, sikwenda. Niliogopa kuona mkia.

Mama Nyambura aliishi miaka mingi baada ya hapo. Macho yalifunga kabisa kabla mwaka haujaisha, kama daktari alivyosema. Alipopita Nyeri aliingia ofisini kunisalimu, akiongozwa na mumewe, na sisi watatu tuliongea habari za mvua na bei ya viazi, kila mmoja akiwa na lake kooni. Sikuwahi kukaa katika mazungumzo yaliyonichosha kama yale. Naye kila mara alikuwa mchangamfu, akiniambia kwamba watoto wa shule huja kwake kusimuliwa.

Alizikwa Endarasha mwezi wa baridi, kwenye udongo mwekundu ulioganda kwenye viatu. Nilisimama nyuma pamoja na wanaume wa soko. Nyambura alikuwa amekuja kutoka ng'ambo, mwanamke mkubwa sasa, amevaa koti jembamba lisilofaa kwa Kieni. Mhubiri alipomaliza, Mzee Ndirangu aliomba kusema. Alikuwa ameinama sana, lakini sauti ilifika mpaka kwenye ua. Alisema mkewe alikuwa mwanamke wa kwanza wa Endarasha kumwona nyangumi kwa macho yake mwenyewe. Watu wakaitikia. Akasimulia yote: maji, pumzi, tumbo lenye mistari kama shamba. Kisha akainua mkono, akausimamisha wima, akautikisa kulia na kushoto mbele ya kaburi.

Nyambura alimsogelea, akamshika kiwiko kwa upole. Hakuwa na nia mbaya. Mtu aliyekaa ng'ambo huzoea kusahihisha.

"Baba," alisema chini chini, lakini sote wa karibu tulisikia, "mkia wa nyangumi hulala."

Mzee hakushusha mkono.

"Wa huko kwenu labda hulala," alisema. "Wetu ulisimama."